Kampuni ya Kijapani, ya Kikorea au ya Kichina: wapi uaminifu wako utalipwa fadhila?

Kila mwaka vijana kutoka Afrika Mashariki humaliza masomo Beijing, Seoul na Tokyo. Wengine wamekwenda kwa ufadhili wa serikali ya China, wengine wa Korea Kusini, wengine kwa mpango wa ABE ambao Japani iliutangaza mwaka 2013 ili vijana wa Afrika wasome shahada ya uzamili na kufanya mafunzo kazini katika kampuni zake. Masomo yakiisha huja suala la ajira, na wenye bahati hujikuta na barua mbili mezani. Kulinganisha mishahara hakuchukui muda, namba zipo kwenye karatasi. Kinachowakwamisha ni kile kisichoandikwa: kampuni itadai nini kwako zaidi ya kazi yenyewe, na ukikaa nayo miaka kumi itakuwa imekufanyia nini.

Nchi hizi tatu zimelelewa na mwalimu mmoja. Konfusio alizaliwa mwaka 551 KK katika dola la Lu, eneo ambalo leo ni sehemu ya mkoa wa Shandong nchini China. Mapokeo yake hupanga maisha ya watu kwa mahusiano matano: mtawala na mtumishi wake, baba na mwana, mume na mke, kaka na mdogo wake, rafiki na rafiki. Manne kati ya hayo yana mkubwa na mdogo, ndiyo maana wengi huhitimisha kwamba fundisho zima ni utii. Wanakosea. Mtawala wa Lu alipomuuliza jinsi bwana na watumishi wanavyopaswa kuishi, alijibu kwamba bwana awatumie watumishi wake kwa adabu inayostahili, na watumishi wamtumikie kwa uaminifu. Kila upande una wajibu wake, na wa mkubwa umetajwa kwanza. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kushika unapochagua mwajiri katika nchi hizi. Usihangaike kupima wafanyakazi wanainama kiasi gani. Tazama mkubwa anatimizaje sehemu yake.

Vigezo vya kulinganishia

Mwaka 1991 watafiti John Meyer na Natalie Allen wa Kanada walizipanga sababu zinazomfanya mtu abaki kazini katika mafungu matatu. Yupo anayebaki kwa kuwa moyo wake uko pale. Yupo anayebaki kwa kuwa anahisi ana deni. Na yupo anayebaki kwa kuwa akipiga hesabu anaona atapoteza akiondoka. Nitayaita moyo, deni na hesabu. Wengi wetu tuna vyote vitatu kwa vipimo tofauti, lakini katika kampuni zenye malezi ya Konfusio deni huwa zito kupita kawaida, kwa sababu mtu aliyetendewa wema asiurudishe huonekana amepungukiwa utu. Deni la namna hiyo linaweza kukomaa likawa moyo. Linaweza pia kutumiwa kukunyonya.

Kwa hiyo nauliza mambo manne kuhusu kila nchi: mwajiri anatanguliza nini, mkubwa na mdogo wanaishije, muda wako ni wa nani, na kutoka kuna ugumu gani. Kampuni za nchi moja hutofautiana sana, hasa ile kongwe na ile iliyoanzishwa juzi na vijana. Ninachoeleza ni mkondo wa jumla, nawe utaangalia kampuni yako imekaa upande gani wa mkondo huo.

Mwajiri anatanguliza nini

Japani hutanguliza kudumu. Shibusawa Eiichi (1840–1931), aliyeshiriki kuanzisha kampuni zipatazo 500, alihubiri maisha yake yote kwamba kutafuta faida na kufuata mafundisho ya Konfusio ni mambo yanayoweza kukaa pamoja. Tangu Julai 2024 sura yake iko kwenye noti ya yen 10,000. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Matsushita Konosuke, mwanzilishi wa kampuni ambayo leo inaitwa Panasonic. Mwishoni mwa mwaka 1929 uchumi ulipoporomoka na bidhaa zikarundikana maghalani, wasaidizi wake walitaka nusu ya wafanyakazi waachishwe. Alikataa. Alipunguza uzalishaji kwa nusu, akawaweka wafanyakazi kazini nusu siku kwa mshahara kamili, akawaomba wote watoke wakauze bidhaa zilizolala. Baada ya miezi michache maghala yalikuwa meupe. Hakuna semina ya kujenga ari ya kazi inayofikia tendo kama hilo, kwa sababu mkubwa alitoa kwanza, tena wakati kutoa kulikuwa kunauma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mtazamo huo uligeuka mfumo wa kampuni kubwa: kuchukua wahitimu moja kwa moja kutoka chuoni kila Aprili, kuwafundisha kazi kwa gharama ya kampuni, kupandisha mshahara kadiri miaka inavyopita, kutoa bonasi majira ya kiangazi na majira ya baridi. Sheria ya mikataba ya kazi ya mwaka 2007 inatamka kwamba kumfukuza mtu bila sababu ya msingi inayokubalika na jamii ni batili. Upande wa pili wa mfumo huu ni mshahara mdogo wa miaka ya mwanzo, na ukuta unaotenganisha waajiriwa wa kudumu na wale wasio wa kudumu, wakiwemo wa mikataba ya muda na wa saa chache, ambao ni zaidi ya theluthi moja ya waajiriwa wote nchini humo. Mfanyakazi wa mkataba ambaye mikataba yake imepita jumla ya miaka mitano ana haki ya kuomba uwe wa kudumu. Basi kabla ya kusaini chochote Japani, ujue utasimama upande gani wa ukuta huo.

Korea Kusini hutanguliza kukufanya mmoja wao. Enzi ya Joseon, iliyodumu kuanzia 1392 hadi 1910, iliyafanya mafundisho ya Konfusio kuwa msingi wa dola, na makampuni makubwa ya kifamilia yaliyokuja baadaye, kama Samsung, Hyundai na LG, yalirithi sura ya ukoo wenye baba mmoja. Ndani yake kuna ukarimu wa kweli. Ukioa, kampuni inachangia. Ukifiwa, wenzako wanafika msibani na kampuni inatuma shada la maua. Kampuni kubwa nyingi husaidia hata ada za masomo za watoto. Mishahara yake iko juu, na jina la mwajiri humpa mtu heshima mbele ya wakwe.

Ila ukoo huo ulipata jeraha. Mgogoro wa fedha wa mwaka 1997 uliifanya nchi ikope kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na Februari 1998 sheria iliruhusu kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi. Watu waliokuwa wameipa kampuni ujana wao walirudishwa nyumbani. Leo sheria hairuhusu kampuni kuweka umri wa kustaafu chini ya miaka 60, lakini maofisa wengi wa kampuni kubwa huombwa kuondoka mapema, wangali katika miaka ya hamsini au hata ya arobaini, kwa kile kinachoitwa kustaafu kwa heshima. Wazazi wa Kikorea waliyaona hayo na watoto wao wakayashika, ndiyo maana kijana wa leo huko Seoul ni mwepesi kuhama kuliko baba yake.

China ina historia yenye mikunjo zaidi. Huko ndiko Konfusio alikozaliwa, na huko huko mwaka 1973 na 1974 ilifanyika kampeni rasmi ya kumlaani. Uaminifu wa mfanyakazi chini ya ujamaa ulijengwa juu ya kitengo cha kazi kilichompa mtu nyumba, matibabu na shule ya watoto, ajira iliyojulikana kama bakuli la chuma kwa kuwa haivunjiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bakuli hilo lilivunjwa: mamilioni ya wafanyakazi wa viwanda vya serikali waliachishwa. Konfusio alirudi kazini kupitia mlango mwingine, wa wenye kampuni binafsi. Fotile, watengenezaji wa vifaa vya jikoni walioko Ningbo, walijenga ukumbi wa Konfusio mwaka 2008, na baadaye wakaanza kuwagawia faida wafanyakazi waliotimiza miaka miwili kazini. Haidilao, mtandao mkubwa wa migahawa, hutuma sehemu ya bonasi ya mameneja moja kwa moja kwa wazazi wao walioko vijijini. Jambo hilo la pili linafahamika upesi kwetu. Mwajiri anayemkumbuka mama yako amekufunga kwa kamba ambayo mshahara peke yake hauwezi kuisuka.

Hata hivyo, hizo ni kampuni za wamiliki wenye imani hiyo. Katika kampuni ya kawaida ya Kichina kinachotangulizwa ni fursa na fedha za haraka: unapewa jukumu kubwa ukiwa mdogo, unalipwa vizuri ukifanikiwa, na bonasi ya mwisho wa mwaka inakuja kabla ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani mwaka mpya wa Kichina. Ahadi ya kukaa nawe hadi uzeeni haimo.

Mkubwa na mdogo

Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hatashangazwa na heshima ya umri katika nchi yoyote kati ya hizi. Kitakachomshangaza ni jinsi maamuzi yanavyopita.

Japani uamuzi hupikwa chini. Mwenye wazo huzunguka kwanza kwa kila mhusika, mmoja mmoja, kabla ya kikao; kisha waraka hupita meza kwa meza ukigongwa mihuri hadi juu. Kikao chenyewe huwa cha kuthibitisha yaliyokwisha kukubaliwa. Ukileta hoja mpya mezani bila kuwapitia watu, umewaaibisha. Mkubwa wako, senpai, anatarajiwa kukufundisha kwa subira na kubeba lawama unapokosea. Ni utaratibu unaochosha mtu mwenye haraka, lakini jambo likishapita hakuna wa kulikwamisha.

Korea uamuzi hutoka juu na hukimbia. Ngazi za vyeo ziko wazi, na watu hutafuta kujua umri wa mwenzao mapema ili wajue waseme naye kwa lugha ipi. Baada ya kazi kuna chakula cha pamoja cha idara, chenye nyama ya kuchoma na vinywaji, na hapo ndipo ukali wa mchana hulegea. Msomaji asiyekunywa pombe alijue hili mapema: inawezekana kukaa na soda yako, na siku hizi wengi wanaheshimu, lakini kutokwenda kabisa kunasomwa kama kujitenga. Mabavu ya wakubwa yaliwahi kuwa donda la nchi nzima hadi Julai 2019 sheria ya kuzuia unyanyasaji kazini ikaanza kutumika. Kampuni za teknolojia zimejaribu njia nyingine. Kakao, kwa mfano, wafanyakazi wake huitana kwa majina ya Kiingereza ili vyeo visiingie katika kila sentensi.

China kila kitu hurudi kwa bosi mmoja. Ukipatana naye milango hufunguka kwa kasi ambayo Mjapani hawezi kuiamini. Ukikosana naye hakuna utaratibu wa kukuokoa. Usimsahihishe mbele ya watu. Mfuate faragha, atakusikiliza, na mara nyingi atakubadilishia jambo siku hiyo hiyo. Udhaifu wa mpango huu uko wazi: uaminifu wako umefungwa kwa mtu, na siku akihama unaanza upya.

Muda wako ni wa nani

Hapa sheria na desturi zinapishana katika nchi zote tatu, na sitaki msomaji adanganywe na kimojawapo.

Japani ndiko neno la kufa kwa kazi nyingi, karoshi, lilikotoka, na mwaka 2014 ilitungwa sheria mahususi ya kupambana na vifo hivyo. Tangu Aprili 2019 kazi ya ziada ina ukomo wa saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Hata kwa makubaliano maalumu haivuki 720 kwa mwaka, na mwajiri anayekiuka anaweza kuadhibiwa. Pia anatakiwa kuhakikisha mfanyakazi mwenye haki ya siku 10 au zaidi za likizo anachukua angalau siku tano. Korea Kusini ilishusha ukomo wa wiki kutoka saa 68 hadi 52 kuanzia Julai 2018. China, sheria yake inaruhusu saa 36 tu za ziada kwa mwezi, lakini kampuni za teknolojia zilizoea ratiba ya 996: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Watu, pamoja na wizara husika, ilitamka kwamba ratiba hiyo ni kinyume cha sheria. Ujumbe wa bosi kwenye WeChat saa nne usiku, hata hivyo, unaendelea kuingia.

Katika nchi hizi mtu hukaa ofisini hadi usiku mara nyingi si kwa sababu kazi haijaisha, bali mkubwa wake hajanyanyuka. Hilo ni deni linalolipwa kwa sarafu isiyofaa. Kwenye usaili usiulize saa za kazi. Muulize mfanyakazi wa rika lako jana alitoka saa ngapi.

Kutoka

Mfanyakazi wa Japani akiacha kazi, kinachomuuma ni deni. Kisheria wiki mbili za notisi zinatosha kwa ajira isiyo na ukomo, lakini wengi huona vibaya kuondoka bila miezi kadhaa ya kukabidhi. Mfumo wa kupanda kwa miaka unafanya hesabu iwe kali pia, kwani ukihama mapema umeacha nyuma malipo ya miaka ya mbele. Kwa mgeni kuna nafuu moja kubwa: kibali cha ukaazi kinafuata aina ya kazi, hivyo unaweza kuhamia mwajiri mwingine kwa kazi ya aina ile ile, mradi utoe taarifa uhamiaji ndani ya siku 14.

Korea hesabu iko wazi zaidi. Aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kiinua mgongo kisichopungua wastani wa mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka wa kazi, hata akiacha mwenyewe.

China notisi ni siku 30 kwa maandishi. Ukiachishwa katika mazingira ambayo sheria inadai fidia, unapata mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya kazi, na mfanyakazi Mchina, baada ya mikataba miwili ya muda, anaweza kudai usio na ukomo. Lakini mgeni hufanya kazi kwa kibali kilichofungwa kwa mwajiri, na kuhama kunahitaji hati ya kuachana na mwajiri wa awali. Mkiachana vibaya, hati hiyo inaweza kuchelewa kukufikia. Jambo jingine ni umri: matangazo mengi ya kazi huko huweka mpaka wa miaka 35, na huwezi kupanga maisha bila kulizingatia.

Chaguo kwa hali yako

Kama una familia au unaitarajia karibuni, na unataka kujua miaka kumi ijayo inafananaje, ajira ya kudumu Japani inakufaa, ilimradi uko tayari kufikisha Kijapani chako angalau daraja la N2, la pili kutoka juu katika mtihani wa lugha hiyo, na kuvumilia mshahara wa kawaida mwanzoni. Ukipewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja katika kampuni hiyo hiyo, faida nyingi nilizozieleza hazitakuhusu, na ofa ya Korea au China inaweza kuwa bora.

Kama unapenda kuwa na watu, unajifunza lugha kwa kusikiliza, na unataka jina la kampuni litakalokufungulia milango baadaye, Korea Kusini itakupa miaka mitano mizuri. Ingia ukijua ni mitano au kumi, uweke akiba ya kiinua mgongo chako, na usiahirishe kujenga ujuzi unaoweza kuondoka nao.

Kama una haraka ya kukua, uko tayari kubeba mradi mzima ukiwa na miaka 27, na nia yako ya baadaye ni biashara kati ya China na nyumbani, nenda China. Utakachochagua hapo hasa ni bosi. Omba kukutana na yule utakayeripoti kwake, kisha uliza waliotangulia kwenye nafasi hiyo wako wapi sasa. Kama wamepanda, mtu huyo hulipa fadhila. Kama hakuna anayejua walikoenda, tafuta bosi mwingine.

Wapo wasioondoka kabisa, wanaoajiriwa Dar es Salaam au Nairobi na kampuni kutoka nchi hizi. Dar es Salaam inawafahamu wote watatu kwa kazi zao: barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA ilijengwa na Wajapani, Daraja la Tanzanite na Wakorea, Daraja la Nyerere la Kigamboni na Wachina. Kwa mfanyakazi wa hapa desturi za ofisi zitatoka makao makuu, lakini mkataba unatawaliwa na sheria ya nchi. Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa 45 kwa wiki, kazi ya ziada isiyozidi saa 50 katika kila wiki nne, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi, kwa anayestahili. Hapo kigezo changu cha kwanza ni kama kampuni imewahi kumpandisha mwenyeji hadi nafasi anayoshika mgeni. Muulize meneja wa rasilimali watu jina la cheo hicho na mwaka aliopandishwa, na umpe nafasi ya kujibu kabla hujasaini.